Laini mbili, jenereta moja: kutafuta hitilafu kwenye umeme wa dharura wa jengo

Laini moja ya umeme imezimika, nusu ya jengo iko gizani, na jenereta imekaa kimya. Au jenereta imewaka vizuri na taa zimerudi, lakini pampu inazunguka bila kusukuma maji na lifti imegoma. Fundi anaitwa, anabadilisha betri na chujio, anaondoka. Umeme ukikatika tena, tatizo liko palepale.

Katika jengo lenye laini zaidi ya moja, jenereta mara nyingi haina kosa. Kosa liko pale laini zinapokutana: chenjiova (swichi inayohamisha mzigo kati ya laini na jenereta) ipi inapima laini ipi, nyutro ya nani imeunganishwa na ya nani, na mzigo upi umefungwa upande upi. Huko ndiko pa kuanzia.

Mfano wetu ni jengo lenye laini A na laini B. Kila laini ina transfoma, mita na bodi kuu yake. Jenereta ni moja, na kila upande una ATS, yaani chenjiova ya otomatiki, inayolisha bodi ya dharura ya upande huo. Volti ni 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro. Ukiwa na laini tatu au nne, hoja ni zilezile, kazi ndiyo inayoongezeka.

Usalama, kisha majaribio matatu

Bodi ya dharura katika jengo kama hili inaweza kupata umeme kutoka zaidi ya sehemu moja. Ukizima laini A ili ufanye kazi kwenye bodi yake, umeiambia chenjiova kwamba umeme umekatika, nayo itaiita jenereta wakati mikono yako iko ndani. Kwa hiyo weka jenereta kwenye nafasi ya kuzima, ondoa waya hasi wa betri yake, funga kwa kufuli sakiti-breka zote zinazoingia, kisha pima kila fezi kwa kila fezi, kwa nyutro na kwa ethi. Pima na nyutro yenyewe dhidi ya ethi, maana nyutro inayotoka kwa jirani inaweza kuwa na umeme hata fezi zote zikiwa zimekufa.

Sasa fanya majaribio matatu kwa mzigo halisi, baada ya kuwapa taarifa watumiaji wa jengo: zima A peke yake, zima B peke yake, kisha zima zote mbili. Zima kwenye sakiti-breka inayoingia, usitumie kitufe cha majaribio kilicho usoni mwa chenjiova. Kitufe kile huiga kukatika kwa umeme ndani ya kidhibiti tu, hakijaribu nyaya za kupimia wala fyuzi zake.

Andika kilichotokea kila mara. Dalili inayoonekana upande mmoja tu inakupeleka kwenye chenjiova ya upande huo na nyaya zake. Dalili inayojitokeza laini moja ikizimika, kisha ikapotea zote mbili zikizimika, inakupeleka kwenye nyutro au kwenye nyaya za kuwashia. Na ile inayotokea zote zikizimika pekee kwa kawaida ni ya uwezo wa jenereta au mpangilio wa mizigo. Ikitokea katika majaribio yote matatu, hapo ndipo jenereta yenyewe inastahili kufunguliwa.

Laini moja imezimika, jenereta haiwaki

Angalia kwanza kama inawaka pale laini zote mbili zinapozimika. Ikiwaka hivyo, una jibu karibu kamili. Kila chenjiova ina kontakti kavu, yaani swichi ndogo isiyo na umeme wake, inayofunga ili kuiita jenereta, na kontakti za chenjiova zote zinapaswa kufungwa sambamba, ili yeyote kati yao aweze kuita peke yake. Aliyezifunga mfululizo ameifanya jenereta isubiri mpaka wote waite kwa pamoja. Hitilafu hii huweza kukaa miaka bila kujulikana kama laini zote mbili zinatoka kituo kimoja na huanguka pamoja.

Kama A inaiwasha na B haiiwashi, huenda laini B iliongezwa baadaye na hakuna aliyevuta waya wa kuwashia kutoka upande wake. Unganisha kwa kipande cha waya zile tamino (ncha za kuunganishia waya) mbili za kuwashia kwenye kidhibiti cha jenereta, jenereta ikiwa kwenye otomatiki. Ikiwaka, jenereta ni nzima. Nenda ukafanye vilevile kwenye chenjiova ya B. Ikigoma hapo, waya wa kati umekatika au haukuwahi kuwepo. Waya huo ni mdogo na hausumbui mtu mpaka siku ya kuhitajika, kwa hiyo naushikilia kuwa sehemu ya mfumo wa usalama: uwe wa aina inayostahimili moto, upitishwe mbali na nyaya kubwa, na kidhibiti kitoe kengele ukikatika.

Sababu nyingine ni chenjiova kupima laini isiyo yake. Nyaya za kupimia za B zimechukuliwa kwenye bodi ya A kwa sababu ilikuwa karibu. B ikizimika, chenjiova inaona volti nzima za A na inatulia. Fuata nyaya zile kwa mkono mpaka mwisho, usiamini mchoro.

Kuna pia laini iliyopoteza fezi moja tu. Fyuzi ya upande wa msongo mkubwa imeungua, fezi mbili zimebaki, na mota zinazoendelea kuzunguka zinazalisha volti kwenye ile fezi iliyokufa. Relei inayopima jozi moja, au wastani wa fezi zote, haioni kitu. Unataka chenjiova inayopima fezi zote tatu na tofauti kati yao. Kwa volti zenyewe, kuiacha laini zinaposhuka chini ya asilimia 85 na kuikubali tena zikifika asilimia 90 ni mpangilio wa kawaida unaofaa majengo mengi.

Betri ichunguzwe kama jenereta inagoma katika majaribio yote. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imetulia. Ikiporomoka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, imekwisha.

Jenereta inazunguka, taa haziwaki

Anza na sakiti-breka ya jenereta yenyewe. Huzimwa wakati wa matengenezo na kusahaulika ikiwa chini. Ifungiwe kengele ya kuonyesha kwamba iko wazi, yaani imezimwa.

Ikiwa imewashwa, pima volti na masafa upande wa jenereta kwenye chenjiova. Chenjiova haihami mpaka volti zifike karibu asilimia 90 na masafa karibu asilimia 95. Jenereta inayotoa hezi 47 kwenye mfumo wa hezi 50 haitakubaliwa daima: leo itahama, kesho itakataa, kutegemea joto la injini.

Ikiwa inahama lakini kwa kuchelewa, jumlisha muda wote wa kusubiri. Kiwango cha NFPA 110 cha Marekani kina daraja la mifumo inayotakiwa kurudisha umeme ndani ya sekunde 10, na hilo ndilo linalotumika kwa mizigo ya kuokoa maisha. Kusubiri sekunde 1 hadi 3 kabla ya kuwasha kunatosha kupuuza kumeta kwa laini. Mtu akiweka sekunde 10 hapo, muda wote umeliwa kabla stata haijagusa.

Nyutro: kinga inakata upande ambao hauna tatizo

A imezimika, jenereta imeibeba, na ghafla kinga ya uvujaji kwenye bodi kuu ya B inakata, ingawa B ilikuwa na umeme wake salama. Sasa jengo zima liko kwenye jenereta, au liko gizani. Dalili hii huwachosha watu kuliko zote, na mara nyingi huishia kwa mtu kuipandisha kinga ile mpaka inyamaze. Asifanye hivyo. Kinga inasema kweli.

Kila laini ina nyutro iliyounganishwa na ethi kwenye bodi kuu yake. Kama chenjiova ni za nguzo tatu (nguzo ni njia moja ya mkondo ndani ya swichi), zinabadilisha fezi tu. Nyutro za A, za B na za jenereta zimebaki zimeshikana muda wote. Mkondo uliotoka kwenye jenereta kwenda mizigo ya A unaporudi unakuta njia nyingi: nyutro yake, nyutro ya B, ethi, mabomba, vyuma vya jengo. Hugawanyika kote. Kinga ya B hujumlisha mkondo wa fezi na nyutro na kutarajia sifuri. Sasa inaona mkondo wa mgeni ukipita kwenye nyutro yake, inakata.

Hakiki kwa ampimita ya kubana. Zungushia fezi tatu na nyutro kwa pamoja kwenye kila bodi, A ikiwa kwenye jenereta na B kwenye laini yake. Jumla iwe karibu na sifuri. Kisha bana kiungo cha nyutro na ethi kwenye kila bodi kuu. Ampia kadhaa pale ni ushahidi tosha.

Tiba ni chenjiova za nguzo nne pande zote, na nyutro ya jenereta iunganishwe na ethi mahali pamoja tu, kwenye jenereta au kwenye bodi yake ya kugawia, kabla ya chenjiova. Usichanganye nguzo tatu upande mmoja na nne upande mwingine, kwa sababu ile ya nguzo tatu inaendelea kuifunga nyutro ya jenereta kwenye ethi ya laini yake, na unarudi ulikotoka ukiwa na viungo viwili.

Nguzo ya nne nayo ina hatari zake. Ikifunguka kabla ya fezi, au ikilegea, mizigo ya fezi moja inabaki imening'inia kati ya fezi na fezi, na fezi yenye mzigo mdogo inapanda kutoka volti 230 kuelekea 400. Hapo ndipo kompyuta na televisheni za ghorofa nzima huungua kwa mpigo mmoja wakati wa kuhama. Nguzo ya nyutro lazima ifunge kwanza na kufungua mwisho. Pima fezi kwa nyutro kwenye fezi zote tatu ukiwa kwenye jenereta. Ukikuta moja ni 280 na nyingine 170, ondoa mzigo papo hapo.

Na kuna hali isiyo na dalili kabisa, ambayo kwangu ndiyo mbaya zaidi. Aliyeweka chenjiova za nguzo nne amesahau kuunganisha nyutro ya jenereta na ethi. Kila kitu kinafanya kazi. Lakini fezi ikigusa bodi ya chuma wakati jenereta inabeba, mkondo hauna njia ya kurudi, hakuna kinga itakayokata, na hitilafu inabaki imejificha mpaka ya pili itokee kwenye fezi nyingine, hapo chuma kinaweza kuwa na umeme wa hatari. Huonekana kwa kupima tu: mzunguko wa ethi upimwe jenereta ikiwa inabeba, na swichi za uvujaji zijaribiwe wakati huohuo.

Pampu haisukumi, lifti imegoma

Pima mpangilio wa fezi kwa kipima mzunguko kwenye vyanzo vyote vitatu. Hakuna kinachozilazimisha A na B kuwa na mpangilio mmoja, maana kila moja ilifungwa siku yake. Pampu iliyogeuzwa huzunguka ikitoa maji kidogo au isitoe kabisa; lifti nyingi zina relei inayozuia kuondoka fezi zikiwa kinyume, na hiyo ndiyo inayoandika hitilafu. Badilisha fezi mbili pale chanzo chenye kasoro kinapoingia. Ukibadilisha kwenye mota, umeiponya kwa jenereta na kuiharibu kwa laini.

A peke yake sawa, B peke yake sawa, zote mbili jenereta inazimika

Kwanza soma kibao cha jenereta. kVA 250 kwa kigezo cha nguvu (sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi) cha 0.8 ni kilowati 200, si 250. Angalia pia ni kilowati za daraja gani. Katika ISO 8528, kiwango cha kimataifa cha jenereta, daraja la dharura ni la saa zisizozidi 200 kwa mwaka, na wastani wa mzigo katika saa 24 usizidi asilimia 70 ya kiwango hicho. Jenereta iliyonunuliwa kwa daraja hilo na kubebeshwa mzigo wote wakati laini hazitabiriki imeonewa.

Mara nyingi, hata hivyo, kilowati zinatosha. Kinachoiangusha ni kuanza. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara sita hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Chenjiova mbili zikihama sekunde ileile, pampu na feni za pande zote zinaamka pamoja, volti zinaporomoka, kontakta (swichi za sumaku za mota) zinaachia, zinashika tena, na jenereta inahema mpaka ikate. Panga zamu: chenjiova ya taa za kutokea na mizigo ya maisha ihame mara moja, ya pili isubiri sekunde 5 hadi 10, mota kubwa zifuate moja moja. Kianzishi cha nyota-delta hupunguza mkondo wa kuanza hadi theluthi.

Mizigo miwili huonewa shaka mara chache. Benki ya kapasita ya kurekebisha kigezo cha nguvu ikibaki imeunganishwa, husukuma altaneta, sehemu ya jenereta inayozalisha umeme, kupandisha volti mpaka kidhibiti kishindwe kuzishusha. Ikatwe na kontakti ya chenjiova kila jenereta inapobeba. UPS kubwa, yaani mtambo wa betri unaolisha vifaa bila kukatika, nayo inaweza kuyumbisha masafa na kisha kuyakataa, ikaendelea kula betri zake wakati jenereta inanguruma nje. Iwekewe kuingia polepole, na kuchaji betri kuzuiwe ikiwa kwenye jenereta.

Wapo waliochagua ukubwa wa jenereta kwa upande mmoja tu, wakiamini A na B haziwezi kukatika pamoja. Ombeni shirika la umeme lieleze kwa maandishi laini hizo zinaachana wapi. Zikiwa zinatoka kituo kimoja, ukubwa wa jenereta unapaswa kutosha mizigo muhimu ya pande zote mbili.

Imebeba vizuri, imezimika baada ya saa kadhaa

Kama huzimika baada ya muda unaofanana kila mara, piga hesabu ya dizeli. Injini ya dizeli ya ukubwa huu hutumia takriban lita 0.27 kwa kila kilowati-saa. Kilowati 150 ni kama lita 40 kwa saa. Tangi dogo la lita 500 lililo kando ya jenereta litaisha baada ya saa kumi na mbili hivi. Pampu ya kulijaza kutoka tangi kubwa inalishwa na nani?

Hapo ndipo jengo la laini nyingi linapomnasa mbunifu. Pampu ya mafuta, feni ya chumba cha jenereta, milango ya hewa na chaja ya betri vimefungwa kwenye bodi ya kawaida ya laini B kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. A ikizimika, kila kitu kinakwenda. B ikizimika, jenereta inabeba jengo huku yenyewe ikikosa mafuta na hewa. Mizigo hii ilishwe kutoka bodi ya jenereta kwa njia isiyotegemea laini yoyote.

Mahali ilipo pampu ni muhimu kama umeme wake. Hospitali ya Bellevue jijini New York ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, lakini pampu za mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Kimbunga Sandy kilipofurisha chini mwaka 2012, watu walipokezana dizeli kwenye ngazi hadi juu. Fukushima Daiichi, Machi 2011, jenereta kadhaa zilizopozwa kwa hewa zilinusurika na tsunami, lakini bodi za umeme za baadhi yao zilizama, umeme ukakosa pa kupita.

Ukiona mafuta meusi yakichuruzika kwenye bomba la moshi, jenereta imezoea kubeba kidogo mno. Ni kawaida pale laini moja hukatika mara kwa mara na nyingine haikatiki. NFPA 110 hutaka iendeshwe angalau dakika 30 kila mwezi kwa mzigo usiopungua asilimia 30.

Shoti imetokea, sakiti-breka haijakata

Transfoma ina nguvu kubwa ya shoti. Jenereta ina kidogo. Yenye msisimko wa sumaku ya kudumu (sumaku inayoendelea kuilisha altaneta hata volti zikiporomoka) hutoa takriban mara tatu ya mkondo wake kwa sekunde chache, na aina rahisi huporomoka kabisa. Sakiti-breka iliyopangwa kwa ajili ya transfoma inaweza isione shoti hiyo. Mpangilio wa kinga uhesabiwe mara mbili, kwa laini na kwa jenereta.

Laini iliyokatika inaonyesha volti

Ukipima laini A iliyozimwa na shirika na kukuta volti, simamisha kila kitu. Umeme wa jengo unarudi nyuma. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: volti 400 zinazoingia chini hutoka juu zikiwa elfu kadhaa, na juu ya nguzo kuna fundi anayeamini laini imekufa.

Tafuta swichi ya kuunganisha bodi za A na B isiyo na kizuizi. Tafuta njia ya pembeni ya UPS inayolishwa na laini nyingine. Tafuta saketi ya taa au soketi iliyounganishwa pande zote mbili wakati wa ukarabati. Kwa swichi ya kuunganisha, napendelea funguo mbili kwa kufuli tatu (moja kwenye kila laini, moja kwenye swichi hiyo), kwa sababu ufunguo hauhitaji betri wala programu: lazima uutoe kwenye laini moja iliyozimwa ndipo uweze kuunganisha A na B.

Umeme umerudi, kuna kishindo na mota zinakata

Wakati wa kurudi, jenereta na laini zote zina umeme, na chenjiova ya haraka huhama kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mota kubwa bado inazunguka na kuzalisha volti zisizolingana na za laini. Zikikutana, kuna kishindo kinachoweza kuvunja kiungo cha shafti. Tumia chenjiova yenye nafasi ya katikati, ikae hapo sekunde chache, au yenye kipimo kinachosubiri vyanzo viwili vilingane.

Laini A ikirudi kabla ya B, jenereta haipaswi kuzima. Ikizima, kontakti ya kuita ya B haijafika kwenye kidhibiti, au kidhibiti kinamsikiliza A peke yake. Mpe kila upande muda wake wa kusubiri kabla ya kurudi, dakika 5 hadi 30 kulingana na utulivu wa laini hiyo, na zisilingane, ili mizigo isihame yote kwa pamoja. Dakika tano za kupoa bila mzigo zianze kuhesabiwa pale chenjiova ya mwisho inapoondoka kwenye jenereta.